Wimbo wa Wote, Mpangilio wa Mmoja

Julai 1985, kusini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, mwanamuziki mmoja wa miaka 28 alijifungia wiki nzima katika ghala la shambani akarekodi albamu yake ya kwanza. Loreena McKennitt alikuwa na sauti, kinubi na mafungu ya nyimbo za jadi, hasa za Ireland. Kampuni ya kurekodi hakuwa nayo, basi akaianzisha mwenyewe, akaiita Quinlan Road. Kaseti alizibeba hadi St. Lawrence Market mjini Toronto, akawa anapiga kinubi barabarani huku anauza. Biashara yenyewe alijifunza kitabuni, katika mwongozo wa Diane Sward Rapaport unaoeleza namna ya kutengeneza na kuuza rekodi zako bila kumtegemea mtu. Mpaka sasa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 14 za kazi zake, na Quinlan Road bado ni mali yake.

Habari hii husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwapo. Linalonivutia mimi ni jambo jingine. Nyimbo nyingi za albamu ile, Elemental, hakuzitunga yeye. Zilikuwa zikiimbwa majumbani, kwenye baa na kwenye majukwaa kabla hajazaliwa, na mtu yeyote mwenye kinubi angeweza kuzirekodi wiki ileile. Sasa yeye alikuwa anauza nini hasa?

Alikuwa anauza mpangilio. Kwa msikilizaji wa kawaida neno hilo lina sura ya kazi ndogo, kama vile kupanga viti baada ya mwenye nyumba kujenga. Katika muziki wa jadi, mpangaji ndiye anayeamua wimbo uanzie kimyani au kwa ala, sauti ya chini itulie au itembee, beti zipi zibaki na zipi zikatwe, mapigo yawepo au yasiwepo. Tuni ni ileile, lakini msikilizaji anaweza kutoka na kilio au na hamu ya kucheza.

Tuchukue wimbo mmoja wa albamu hiyo, She Moved Through the Fair. Kijana anasimulia jinsi mpenzi wake alivyomwahidi kwamba harusi yao haiko mbali, kisha akamwangalia akipita katikati ya watu wa gulioni na kwenda zake. Mwishoni binti anamjia usiku, na namna anavyoingia inatosha kumfanya msikilizaji ashuku kwamba si wa dunia hii tena. Tuni ilitoka Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Herbert Hughes, mkusanyaji na mtunzi, aliichapisha mwaka 1909 ikiwa na usindikizaji wa piano, na maneno yakaandikwa na mshairi Padraic Colum.

Wanakwaya wetu waliolelewa na solfa wataelewa haraka siri ya tuni hiyo. Katika ngazi tuliyoizoea, chini ya do kuna ti, na kati yao pana nusu toni tu. Ti inaisukuma sauti irudi nyumbani, na ndiyo maana nyimbo za ibada huishia kwa uhakika ule tunaoujua. Sasa twaa noti zilezile, lakini nyumbani pawe so badala ya do. Noti iliyo chini ya nyumbani inakuwa fa, na kutoka fa hadi so ni toni nzima. Msukumo umetoweka. Wimbo unafika nyumbani bila kulazimishwa, na ukifika unaonekana bado una safari. Wataalamu huiita ngazi hiyo Mikisolidia. Kwa kisa cha binti anayeondoka asiondoke, sijui ngazi gani nyingine ingefaa zaidi.

Hapo ndipo wapangaji wengi huharibu. Mpiga kinanda aliyezoea nyimbo za dini, au prodyuza aliyezoea muziki wa redio, hufika mwisho wa mstari na mikono yake ikatafuta kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya tano, ile inayorudisha msukumo wa nusu toni. Sikio linaridhika, wimbo umekufa. Kosa hili lina historia ndefu. Julai 1792, mjini Belfast, kijana wa miaka 19 aitwaye Edward Bunting aliajiriwa kuandika noti katika mkutano wa wapiga vinubi waliokuwa wamebaki. Miongoni mwao alikuwamo Denis O'Hampsey, mzee aliyetajwa kuwa na miaka 97, ambaye bado alipiga nyuzi za waya kwa kucha kama walivyofanya wahenga wake. Tunamshukuru Bunting, kwa kuwa bila yeye tuni nyingi zingezikwa pamoja na wazee wale. Lakini vitabu alivyovitoa aliviandalia wapiga piano wa sebuleni, na ili vinunuliwe alizivisha tuni hizo kodi na ngazi za mtindo wa mjini. Wanaorudi kwenye maandishi yake ya mkono mara nyingi hukuta tuni iliyo huru kuliko ile iliyochapishwa.

Dawa ilipatikana mbali na Ireland. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpiga gita Mwingereza, Davy Graham, alikaa Moroko akisikiliza wapiga udi. Gita lake, kwa namna lilivyotiwa sauti, halikukubali kufuatana na udi, kwa sababu udi huenda na tuni moja juu ya sauti tulivu ya chini badala ya kubadilisha kodi kila baada ya hatua chache. Graham akalegeza nyuzi tatu za gita, na nyuzi sita zikawa D, A, D, G, A, D. Hesabu noti zilizomo: ni tatu tu. Ile noti ya tatu ya ngazi, inayoamua kama kodi itasikika ya furaha au ya huzuni, haimo kabisa. Ukipiga nyuzi zote wazi unapata uwanja mtupu ambao tuni inaweza kupita bila kuambiwa ihisi nini. Aliporudi, wimbo mmoja aliopiga kwa mtindo huo ni huohuo She Moved Through the Fair. Mpenzi wa taarabu akisikiliza gita hilo asishangae akidhani anasikia jamaa wa mbali. Udi ndio uliowakutanisha. Leo ni vigumu kumpata mpiga gita wa muziki wa Kikelti, ule wa Ireland na jirani zake, asiyeujua utiaji sauti huo.

McKennitt alifika mahali palepale kwa njia ya kinubi. Nyuzi za kinubi huendelea kulia mpaka uzizime kwa mkono, kwa hiyo noti ya chini iliyopigwa mwanzoni mwa mstari inakuwa sakafu ya mstari mzima. Sauti ya binadamu inatembea juu yake.

Kuna kitu cha pili ambacho studio za leo hukiua kwa urahisi zaidi kuliko ngazi, nacho ni wakati. Uimbaji wa kale wa Ireland unaoitwa sean-nós ni wa mtu mmoja bila ala, na mwimbaji hurefusha neno au kulikata kadiri maana inavyomtaka. Mwanamuziki anayejirekodi nyumbani huanza kwa kuwasha kipima mapigo cha kompyuta kinachogonga pigo hadi pigo, kisha akaimba juu yake ili baadaye aweze kuongeza fidla, ngoma na zumari bila kupotea. Ni busara kwa wimbo wa kucheza. Kwa wimbo wa masimulizi ni hasara. Ninavyoona mimi, sauti irekodiwe kwanza, ikiwa huru, pamoja na ala moja tu inayomfuata mwimbaji. Ala nyingine zijifunze pumzi zake baadaye. Kazi inakuwa ndefu, na mpiga fidla atalalamika, lakini hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayesimulia na mtu anayekimbiza basi.

Mahali napo ni sehemu ya mpangilio. Mwaka 1987 McKennitt alitoa To Drive the Cold Winter Away, na baadhi ya nyimbo zake alizirekodi katika kanisa la Guelph, Ontario, na katika abasia ya Glenstal, monasteri ya Wabenedikto katika kaunti ya Limerick. Mwangwi wa kuta za mawe unafanya kazi ambayo wengine wangemlipa mpiga kinanda aifanye: unajaza nafasi kati ya noti bila kuongeza noti. Programu za kompyuta huiga mwangwi huo vizuri siku hizi. Tofauti ni kwamba ndani ya kanisa mwimbaji anausikia wakati anaimba, naye anapunguza mwendo ausubiri.

Tuje kwenye hesabu. Rekodi moja ya wimbo wa jadi ina matabaka manne ya haki: maneno, tuni, mpangilio, na rekodi yenyewe, ile inayoitwa masta. Maneno na tuni vikiwa havina mwenyewe, mpangaji anaweza kusajili mpangilio wake katika shirika la hakimiliki na kupokea mirabaha unapopigwa redioni. Akilipia studio mwenyewe, masta ni yake pia. Mwaka 1991, albamu ya The Visit ilipotoka, McKennitt aliiruhusu Warner Music isambaze kazi, lakini umiliki ukabaki Quinlan Road. Msanii aliyeuza masta yake hupewa asilimia ndogo; msanii aliyeikodisha anabaki mwenye shamba.

Mtego uko kwenye neno "jadi" linaloandikwa kwenye jalada. She Moved Through the Fair huorodheshwa hivyo mara kwa mara, kumbe sehemu kubwa ya maneno ina mwandishi. Colum alifariki mwaka 1972. Ireland na Uingereza hulinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo huko maneno yake yana mwenyewe hadi mwisho wa 2042. Kenya hulinda kwa miaka 50, basi huko yako huru tangu 2023. Marekani huangalia mwaka wa kuchapishwa kwa kazi za zamani kama hii, na ya 1909 ilikwisha kuwa huru kitambo. Wimbo mmoja, na msanii anayeuweka mtandaoni ana majibu tofauti kwa kila nchi.

Hata wazee wa jadi wenyewe si ushahidi wa kutosha. Margaret Barry, mwimbaji wa barabarani aliyesifiwa kama sauti halisi ya Ireland ya kale, aliimba wimbo huu kwa banjo hadi ukawa kama wake, na mwenyewe alisimulia kwamba aliujifunza kutoka kwenye santuri ya John McCormack, mwimbaji wa majumba makubwa. Wild Mountain Thyme nao hudhaniwa hauna mwandishi, ilhali unatokana na ukoo wa McPeake wa Belfast, ambao nao waliegemea shairi la Robert Tannahill, mfumaji wa Paisley aliyefariki mwaka 1810. Danny Boy ina tuni ya kale iliyochapishwa mwaka 1855, lakini maneno yake ni ya mwanasheria Mwingereza, Frederic Weatherly, ya mwaka 1913.

Tabaka linalosahaulika kuliko yote ni mpangilio wa mwenzako. Mwaka 1965 mwimbaji Mwingereza Martin Carthy alirekodi Scarborough Fair, wimbo wa Uingereza na si wa Kikelti, kwa mtindo wake wa gita. Mwaka uliofuata waimbaji wawili wa Marekani, Simon na Garfunkel, wakatoa toleo lililojengwa juu ya mtindo huo, na jina la Carthy halikuwamo. Wimbo ulikuwa wa wote. Vidole vile havikuwa vya wote. Kinyongo kilidumu miongo kadhaa, hadi Paul Simon alipomwita Carthy waimbe pamoja jukwaani London mwaka 2000.

Kwa hiyo msanii anayejitegemea, kabla ya kukodi studio, aandike karatasi moja kwa kila wimbo: tuni aliipata wapi, maneno ni ya nani na alifariki lini, na ni rekodi gani alizozisikiliza akijifunza. Akikuta kwamba usindikizaji alioupenda ni wa mtu aliye hai, amwandikie barua mapema, wakati bado anaweza kubadilisha ala na kutafuta njia yake. Rekodi ikishasambaa, bei hupangwa na anayedai.