Mama wa bibi arusi, usiichome ngozi yako kwa pupa

Mwezi wa Oktoba mwaka jana alinijia kliniki mama mmoja mwenye umri wa miaka 54, ambaye nimemtibu kwa miaka mingi. Maradhi yake ni shinikizo la damu, nasi tulikuwa tumelidhibiti kwa tembe moja tu kila asubuhi. Lakini tangu Julai shinikizo hilo lilikuwa likipanda bila sababu niliyoweza kuiona. Niliongeza tembe ya pili, lisishuke. Siku hiyo kipimo kilionyesha 168 kwa 102, na sukari katika damu, ambayo haikuwahi kumsumbua, ilikuwa imepanda pia.

Nilipokuwa nikimfunga mkanda wa kupimia ndipo nilipoitazama ngozi yake sawasawa. Ilikuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ikionekana chini yake, na mkononi mlikuwa na alama za kuvilia damu ambazo hakukumbuka zilitokana na nini. Uso ulikuwa umejaa na kuwa mviringo. Ulikuwa pia mweupe kuliko nilivyouzoea, ilhali vifundo vya vidole vilibaki vyeusi.

"Mama, unajipaka nini siku hizi?" nilimwuliza.

Alicheka kwa haya. Binti yake wa kwanza alikuwa aolewe Jumamosi ya pili ya Desemba, na tangu siku ya posa alikuwa ameamua kwamba hatasimama mbele ya wakwe akiwa na uso uliochoka. Alitoa mkobani mkebe mdogo usio na kibandiko, alioununua katika kibanda kimoja katikati ya jiji. Alikuwa akijipaka uso, shingo, mikono na miguu asubuhi na jioni. "Lakini daktari," akasema, "kanisani kila mtu ananiambia nimenawiri!"

Ni lazima nikiri kosa langu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikimwongezea dawa bila kumwuliza swali hilo moja.

Yaliyomo mkebeni

Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kwa siri huwa na kimojawapo cha vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili lakini hupenya mwilini na kuharibu figo na neva. Isitoshe, zebaki hubaki kwenye taulo, mito na mikono, hivi kwamba hata mjukuu anayebebwa anaweza kudhurika. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuacha mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka kwa urahisi. Cha tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo sisi madaktari huziagiza kwa ugonjwa maalumu wa ngozi, kwa sehemu ndogo na kwa siku chache.

Mama huyu alikuwa na dalili zote za steroidi. Dawa hiyo ikipakwa mwili mzima kwa miezi, huingia katika damu, ikapandisha shinikizo na sukari, ikaufanya uso uvimbe na ngozi iwe nyembamba. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba hata tezi zake zilizo juu ya figo zilikuwa zimepunguza kazi ya kutengeneza homoni ya aina hiyo, kwa kuwa mwili ulikuwa ukiipata kutoka nje.

Hapa Kenya, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liliharamisha vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni za steroidi tangu miaka ya 1990. Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia mwaka 2025. Hata hivyo, biashara hiyo haijakoma. Kwa hivyo jikinge mwenyewe. Usinunue kitu kisicho na kibandiko, na ukiona kwenye kibandiko maneno kama mercuric, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, kirudishe dukani. Sindano na dripu za kung'arisha ngozi nazo ziepuke, kwani usalama wake haujathibitishwa.

Onyo moja muhimu: ikiwa umetumia krimu ya namna hii kwa muda mrefu, usiikatize ghafla peke yako. Uso unaweza kulipuka kwa vipele na mwasho, na mwili uliozoea homoni hiyo unaweza kulegea vibaya. Mwone daktari akupunguzie kidogo kidogo. Usione haya, nenda na mkebe wenyewe.

Kwa nini ngozi hufifia

Ngozi ya kijana hujivua tabaka lake la juu na kuleta jipya kwa muda wa karibu siku 28. Kadiri umri unavyosonga, kazi hiyo huchukua siku 40 au zaidi. Seli zilizokufa hukaa juu kwa muda mrefu, na ndiyo maana uso huonekana umepauka. Kwa wanawake, hedhi inapokoma mafuta ya asili hupungua, na katika miaka mitano ya kwanza ngozi huweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia isilegee.

Ngozi nyeusi ina bahati yake: rangi yetu hutukinga na jua, na mikunjo hutuchelewea. Lakini ina udhaifu mmoja ambao kila anayejiandaa kwa sherehe yapasa aujue. Kila inapoumizwa, iwe ni kwa kipele kilichominywa, krimu kali au kusuguliwa kupita kiasi, hujibu kwa kuacha doa jeusi, na doa hilo huweza kuchukua miezi kufifia. Kwa hiyo siri ya kung'ara ni kutoiumiza ngozi, na kuipa muda.

Miezi mitatu kabla

Huu ndio wakati wa kuanza. Asubuhi na jioni nawa uso kwa sabuni laini isiyo na manukato makali na maji ya uvuguvugu. Maji moto sana huiondolea ngozi mafuta kidogo iliyosalia. Jifute kwa kubonyeza taulo, usisugue, kisha jipake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu. Si lazima yawe ya bei ghali. Glisirini iliyochanganywa na maji hufaa, na mafuta mazito ya Vaseline hufaa kwa miguu, viwiko na magoti. Kwa uso, chagua losheni isiyozibisha vinyweleo.

Jikinge na jua. Nairobi iko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hivyo miale ya jua huku juu ni mikali hata siku ikiwa na baridi. Krimu ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi huzuia madoa kukolea. Ile iliyotiwa rangi ya kahawia husaidia zaidi dhidi ya mabaka ya mashavuni, na haiachi weupe kama unga. Kwa asiyeweza kuinunua, mwavuli na kofia pana ni dawa.

Anayetaka krimu ya retinoli, inayotokana na vitamini A, aanze sasa, usiku mbili tu kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ikichoma, pumzika. Aliye mjamzito asiitumie kabisa.

Vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na kandokando ya macho, ambavyo wengi wetu tumevirithi kwa wazazi, havina madhara. Usivikate kwa wembe wala kuvifunga uzi. Daktari wa ngozi anaweza kuviondoa, lakini kidonda chahitaji wiki kadhaa kupona.

Wiki mbili za mwisho

Sheria ni moja: usijaribu kitu kipya. Kama wataka kusingwa uso saluni, fanya hivyo kabla ya wiki mbili za mwisho, ili uwekundu au kipele kipate kupoa. Maji ya ndimu, magadi na dawa ya meno hayana kazi usoni. Ndimu ikikutana na jua huweza kuunguza na kuacha baka.

Jihadhari hasa na rangi ya nywele. Akina mama wengi huficha mvi wiki ya sherehe, na wengine hujichora piko nyeusi mikononi. Rangi hizi nyeusi huwa na kemikali inayoitwa PPD, ambayo huwafanya watu wengine wavimbe macho na kutoka malengelenge, hata kama waliitumia zamani bila tatizo. Paka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Pakiwasha, achana nayo. Hina ya asili, ile inayotoa wekundu wa kahawia, ni salama zaidi.

Nyusi na ndevu za kidevuni, ambazo huwaotea wanawake wengi baada ya hedhi kukoma, zishughulikie siku tatu au nne kabla, si asubuhi ya arusi. Nao akina baba wanaotokwa na vipele vya kunyoa wapunguze ndevu kwa mashine, wasizikwangue kwa wembe hadi mzizini.

Siku yenyewe, jipake mafuta dakika 15 kabla ya kujikwatua. Poda iwe kidogo, kwa maana hujikusanya kwenye mikunjo na kuizidisha.

Yasiyo ya vipodozi

Kujinyima chakula ili gauni litoshe ni kosa kwa mtu aliyepita miaka 45. Uzito ukiporomoka kwa ghafla, mashavu hulegea. Kula sukuma wiki, maharagwe, mayai, samaki na matunda, na upate usingizi wa saa saba. Sigara na pombe huonekana usoni kabla ya kuonekana kwingineko. Kunywa maji kiu ikikuhitaji. Kunywa lita nyingi kupita kiasi hakulainishi ngozi.

Kisha ukumbuke kwamba ngozi husema habari za ndani. Weupe wa viganja na ndani ya kope huweza kuwa upungufu wa damu. Ukavu mkali pamoja na uchovu na kuhisi baridi huweza kuwa tezi ya shingo. Mwasho usiokoma huweza kuwa kisukari au figo. Hayo hayafunikwi kwa poda.

Yule mama tulimpunguzia krimu polepole, huku nikimpima kila wiki. Mwezi wa Novemba uso wake ulitoka vipele, akalia mbele yangu, akaniomba amrudie yule muuzaji "hadi arusi ipite tu." Nilimwonyesha shinikizo lilivyokuwa likishuka, nikamwuliza kama angependa kuwaona wajukuu watakaozaliwa na arusi hiyo. Alivumilia.

Januari aliniletea picha. Uso ulikuwa umerudi rangi yake, na madoa mawili matatu yalikuwa yangali yanaonekana chini ya poda. Amesimama kando ya binti yake, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi wanavyofanana. Shinikizo lake siku hiyo lilikuwa 134 kwa 84, kwa tembe moja. Wahenga walitwambia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ikiwa mna sherehe mwezi wa Agosti au Desemba, anzeni sasa, na mwanze kwa kutupa ule mkebe usio na jina, au kumletea daktari kama mmekwisha kuuzoea.