Wahadhiri wa Ujasiriamali: Msaada Wao Unaanzia na Kuishia Wapi

Wananchi wengi huuliza ni kwa nini shule za biashara za vyuo vikuu, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina wahadhiri waliobobea katika ubunifu na ujasiriamali, ilhali biashara hujifunzwa sokoni. Jibu limo katika tofauti baina ya uvumbuzi na ubunifu. Mvumbuzi hutengeneza kitu kipya, mathalani mashine ya kukaushia dagaa. Ubunifu hukamilika pale mteja anapokubali kuinunua kwa bei inayorudisha gharama.

Kwa sababu hiyo, mhadhiri humtaka mwanafunzi azungumze na wateja, apige hesabu na ajaribu bidhaa kwa kiwango kidogo kabla ya kukopa. Wazo likishindwa katika hatua hiyo, hasara ni ndogo. Likishindwa baada ya mkopo, nyumba iliyowekwa dhamana huwa hatarini.

Hata hivyo, mhadhiri hatoi ulinzi wa kisheria. Kwa Tanzania Bara, jukumu la usajili ni la Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria ya Hataza, Sura ya 217, haitoi hataza kwa mbinu za kufanya biashara. Hivyo, andiko la biashara pekee halipati hataza. Kifaa kipya kinaweza kuipata, na alama ya biashara husajiliwa kwa utaratibu wake. Mvumbuzi anashauriwa kuwasilisha maombi kabla ya kuonyesha kifaa chake hadharani, hata katika mashindano ya chuo.