Kagua Gari Kabla ya Kupima Magurudumu



Msimu wa karafuu ukikaribia, wengi wetu huipeleka gari kwa fundi kunyooshwa magurudumu, yaani alaimenti. Ni jambo jema, lakini lina kazi inayolitangulia. Tulipowazuru wakulima wenzetu huko Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, tuliona namna barabara ya vumbi inavyoitikisa gari kutwa nzima. Fundi tuliyemkuta hakubali kupeleka gari kupimwa kabla hajayatikisa magurudumu kwa mikono yake mwenyewe.

Sababu yake ni wazi. Mashine hupima gurudumu likiwa limetulia. Viungo vya usukani vikiwa vimelegea, kipimo huwa sawa pale gereji tu. Gari ikipita shimo la kwanza, gurudumu huelekea linakotaka, na tairi huliwa upande. Na kiungo kikichomoka njiani, hasara si ya fedha tena, ni ya roho za watu.

Basi kwanza pima upepo tairi zikiwa baridi. Kiasi chake aghlabu kimeandikwa kwenye kibandiko penye mlango wa dereva. Hakikisha tairi mbili za mbele ni za saizi moja. Pitisha kiganja taratibu juu ya uso wa tairi, kwenda na kurudi. Upande mmoja ukiwa laini na wa pili ukikwaruza, gurudumu halikuelekea sawa.

Kisha egesha pahala tambarare, vuta handibreki, zuia tairi za nyuma kwa mawe, ndipo upige jeki mbele. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzio akanyage breki: mchezo ukikoma, shuku beringi, ukibaki, shuku bolijointi. Iwapo juu na chini limekaza, lakini kushoto na kulia linacheza, tazama tairodi. Usisahau bushi na springi.

Kilicho kibovu kibadilishwe kwanza, ndipo gari ipimwe. Mwenye kutanguliza kipimo atalipa mara mbili, kwani tairodi mpya huharibu kipimo cha jana. Mchumaji hujaribu tawi la mkarafuu kabla hajalikanyaga. Nasi tufanye hivyo hivyo kwa gari zetu.