Ununuzi wa Umma na Madaraja Yetu (2): Mchanga Umetoka Wapi?

Mwezi uliopita nilishuka chini ya daraja moja dogo, ukishapita Bunju kuelekea Bagamoyo. Mto ulikuwa umebaki kijito cha kuvukwa kwa miguu. Kwenye tumbo la daraja zege lilikuwa limebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, nondo zimejitokeza nyekundu kwa kutu, na ukizigusa zinapukutika. Hatua kama mia moja juu ya mto, vijana wanne walikuwa wanapakia mchanga kwenye lori kwa koleo. Nikauliza unakwenda wapi. "Popote penye ujenzi, mzee," mmoja akanijibu, bila kuacha kazi.

Nondo ile na lori lile ni habari moja, nayo huanzia kwenye makabrasha ya zabuni.

Tuanze na nondo. Chuma kilichozikwa ndani ya zege zuri hakishiki kutu, kwa sababu saruji hukiwekea ngao. Ngao hiyo huvunjwa na chumvi. Pwani yetu chumvi huja kwa upepo na kwa maji ya kupwa na kujaa, na wakati mwingine tunaitia wenyewe, pale fundi anapochanganya mchanga wa ufukweni usiooshwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulisukuma zege kwa ndani mpaka lipasuke. Mkandarasi akija kupiga plasta juu ya ufa na kupaka rangi, daraja linapendeza siku ya kukabidhiwa, na kutu inaendelea kula.

Sasa lori. Duniani tunatumia takribani tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Hapa kwetu sehemu kubwa huchotwa kwenye mito, ukiwamo Mpiji unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Mchanga ukichotwa, kitako cha mto hushuka, maji ya masika hupata kasi na kuchimba chini ya nguzo. Ureno walilijua hili kwa msiba: usiku wa tarehe 4 Machi 2001, nguzo ya daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro ilizama, daraja likaanguka na basi lililojaa abiria, wakafa watu 59. Uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulitajwa miongoni mwa sababu. Fikiria basi tunakarabati daraja kwa mchanga uliochimbwa miguuni pake!

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ni ya mwaka 2023, na zabuni sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Lakini mfumo hauulizi jambo ambalo mnunuzi hakuliandika. Ikiwa makabrasha yamesema "mchanga safi" tu, mzabuni anayenunua kwa mwenye leseni atashindwa bei na yule anayepakia usiku mtoni.

Tuseme mmoja anataka shilingi milioni 300, mwingine milioni 380. Wa kwanza kazi yake itarudiwa baada ya miaka 7, ya wa pili itakaa 25. Nani rahisi? Wahenga walishasema rahisi huvunja upishi, ila kamati ya zabuni haiwezi kuhukumu kwa methali. Inahitaji kigezo kilichoandikwa mapema: gharama ya daraja kwa umri wake wote, risiti na leseni ya machimbo kwa kila lori, kipimo cha chumvi kabla ya zege kumwagwa, unene wa zege juu ya nondo upimwe mbele ya mhandisi wa halmashauri.

Kwa vijito vidogo kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, imekuwa ikijenga madaraja ya mawe ya upinde, yasiyotegemea nondo. Pasipo nondo hakuna cha kushika kutu. Mawe yakipatikana karibu, fedha nyingi hubaki kijijini mikononi mwa wachonga mawe na waashi. Bagamoyo si wageni wa jiwe: kuta za magofu ya Kaole zimesimama kwa karne nyingi mbele ya upepo uleule wa chumvi.

Na daraja kudumu si ndoto: lile la zamani la mto Wami, la mwaka 1959, jembamba la kupita gari moja kwa zamu, lilibeba malori ya Tanga, Moshi na Arusha kwa miaka zaidi ya 60, hadi jipya lilipofunguliwa mwaka 2022. Bajeti ya halmashauri itakapofika mezani, diwani aulize kila daraja linalokarabatiwa limenunuliwa likae miaka mingapi, kisha jibu liandikwe kwenye mkataba.

Juma lijalo: nani hukagua kazi baada ya mkandarasi kuondoka?