UKURASA WA TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUPUNGUZA GHARAMA ZA MAFUTA YA GARI

Visiwa vyetu havina kisima cha mafuta wala mtambo wa kuyasafisha. Kila lita ya petroli na ya dizeli inayotumika Unguja na Pemba imevuka bahari kwa meli, na imelipiwa kwa fedha za kigeni kabla haijafika katika kituo cha mafuta. Ndiyo maana tetesi zikitokea mbali huku kwetu huhisiwa mapema. Ilikuwa hivyo mwaka 1973 na mwaka 1979, ikawa hivyo tena mwaka 2022 vilipoanza vita vya Ukraine. Bei ya rejareja hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, na mwenye gari hana uwezo wa kuibadilisha. Analoweza kubadilisha ni idadi ya lita anazozitumia.

Makala haya hayatoi amri mpya. Yanakusudia kueleza, kwa hesabu nyepesi, wapi mafuta hupotea na vipi yaweza kuokolewa, tangu siku ya kununua gari hadi siku ya kuliendesha na kulitunza.

1. KUJUA GARI LINATUMIA KIASI GANI

Watu wengi hupima matumizi kwa fedha: "Nimetia mafuta ya elfu ishirini, yamekwisha siku mbili." Kipimo hicho hakisemi kitu, kwani bei hubadilika na safari hazilingani. Kipimo cha haki ni kilomita kwa lita, nacho hupatikana hivi:

(a) Jaza tangi mpaka bomba la kituo lijizime lenyewe, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

(b) Endesha kama kawaida yako mpaka tangi liwe limepungua zaidi ya nusu.

(c) Jaza tena mpaka bomba lijizime, na uandike lita zilizoingia.

(d) Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Ikiwa umekwenda kilomita 385 na zimeingia lita 35, gari lako linakwenda kilomita 11 kwa lita.

Rudia hesabu hii mara tatu au nne, maana mara moja yaweza kudanganya. Kisha iweke katika daftari. Siku kiwango kitakaposhuka bila ya sababu, utajua kuwa gari lina maradhi kabla fundi hajakwambia.

2. WAKATI WA KUNUNUA

Mnunuzi aghalabu hutazama bei ya gari, rangi yake na mwaka wake. Inafaa atazame pia mafuta litakalokula katika miaka yote atakayokuwa nalo. Tuchukue mfano wa mtumishi anayesafiri kilomita 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi, kwa siku 22 za kazi. Jumla yake ni kilomita 880 kwa mwezi. Matumizi yake yatakuwa kama hivi:

Gari la kilomita 8 kwa lita: lita 110 kwa mwezi.
Gari la kilomita 11 kwa lita: lita 80 kwa mwezi.
Gari la kilomita 16 kwa lita: lita 55 kwa mwezi.
Gari la kilomita 22 kwa lita: lita 40 kwa mwezi.

Msomaji azingatie jambo moja ambalo huwapita wengi. Kutoka kilomita 8 hadi 11 ni nyongeza ya kilomita 3 tu, lakini inaokoa lita 30. Kutoka 16 hadi 22 ni nyongeza ya kilomita 6, nayo inaokoa lita 15. Yaani mwenye gari linalokula sana ndiye apatae faida kubwa zaidi kwa mabadiliko madogo. Aliye na gari dogo linalokula kidogo hana haja ya kuliuza kwa tamaa ya lita chache, ambapo mwenye gari kubwa, hata akishuka daraja moja tu, huokoa lita 360 kwa mwaka. Lita hizo azizidishe kwa bei iliyotangazwa mwezi huu, kisha ailinganishe jumla na tofauti ya bei ya magari mawili anayoyafikiria.

Yapo mambo manne yanayoamua matumizi kwa kiasi kikubwa: uzito wa gari, ukubwa wa injini, umbo lake mbele ya upepo, na iwapo nguvu inakwenda magurudumu mawili au manne. Gari la magurudumu manne lina kazi yake katika njia za mashamba wakati wa masika. Kwa anayetoka nyumbani hadi ofisini juu ya lami, uzito ule wa ziada ni mzigo anaoulipia kila siku bila ya kuutumia. Injini ya dizeli hutumia lita chache kuliko ya petroli yenye nguvu sawa, lakini matengenezo yake huwa ghali, hivyo huwafaa zaidi wenye safari nyingi. Gari la mseto, lenye injini na mota ya umeme, hupata faida yake kubwa zaidi katika mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka. Hata hivyo, mnunuzi aulize kwanza hali ya betri yake kubwa.

Magari mengi yanayoingia hapa ni yaliyotumika Japani, na hati zake huonyesha kilomita kwa lita. Takwimu hizo hupimwa ndani ya chumba, gari likizungusha magurudumu juu ya mtambo. Kipimo kilichoanza mwaka 1991 kilikuwa chepesi mno kwa dereva wa kweli. Kilifuatiwa na kipimo kikali zaidi mwaka 2011, na kingine tena mwaka 2018. Kwa hivyo tarakimu ya gari la zamani isilinganishwe na ya gari jipya kana kwamba zimetoka katika mizani moja, na mnunuzi asishangae akipata pungufu ya ilivyoandikwa.

3. WAKATI WA KUENDESHA

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nasi twaweza kuongeza kuwa hujaza tangi mara chache. Mafuta huliwa zaidi pale gari linapoongezewa mwendo, na kila breki inayokanyagwa hutupa mwendo ambao umekwisha kulipiwa. Dereva anayekanyaga eksileta kwa pupa kisha akafunga breki mita hamsini mbele analipa mara mbili. Dawa yake ni kutazama mbali: akiona taa nyekundu au gari limesimama kituoni, aondoe mguu mapema na aliache gari lipunguze mwendo lenyewe.

Upinzani wa hewa nao si jambo dogo. Mwendo ukizidi mara mbili, upinzani huwa mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo sababu Marekani mwaka 1974, baada ya mafuta kuadimika, iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1995. Hapa kwetu safari ni fupi. Katika kilomita 20, anayekwenda 100 humtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 3 tu. Dakika hizo humalizika katika foleni ya kwanza ya Darajani, licha ya hatari aliyowatia waendao kwa miguu na wapanda baiskeli.

Wapo madereva wanaotia gia huru wakiteremka mlima, au hata kuzima injini, wakidhani wanaokoa. Katika gari la kisasa, ukiondoa mguu kwenye eksileta huku gia ikiwa imeingia, injini hujikatia mafuta yenyewe. Ukitia gia huru, inabidi iyatumie ili isizime. Na anayezima injini hupoteza msaada wa breki na wa usukani. Hapo ataokoa matone na kuhatarisha roho.

Kiyoyozi huongeza matumizi, khasa katika safari fupi na gari lililoachwa juani. Fungua vioo dakika chache ili joto litoke kwanza, ndipo uwashe. Aidha, injini baridi hula zaidi kuliko iliyokwisha kupata moto. Safari tatu fupi za asubuhi, adhuhuri na jioni zikiunganishwa kuwa moja, huokoa kuliko ujanja wowote wa kuendesha.

4. MATUNZO

Upepo wa tairi upimwe angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya tairi kupata moto. Tairi zote zikipungua paundi 10, matumizi huweza kupanda kwa takriban asilimia 2, na tairi zenyewe huliwa pembeni. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Tarakimu iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na paundi 32 hivi.

Oili iwe ya uzito uliotajwa na mtengenezaji. Breki zinazokaza gurudumu zirekebishwe. Keria ya juu isiyobeba kitu iondolewe, na vyuma vilivyosahauliwa katika buti vishushwe.

Mafundi wengine huitoa thamostati wakisema gari litakuwa baridi. Ni kweli litakuwa baridi, na hiyo ndiyo khasara yake, kwani injini isiyofikia joto lake huendelea kupewa mafuta mengi kama iliyowashwa sasa hivi. Iwapo gari linachemsha, kitafutwe chanzo. Vivyo hivyo taa ya injini ikiwaka isipuuzwe. Kifaa kinachopima oksijeni katika moshi kikiharibika, gari huweza kula mafuta mengi bila ya dalili nyingine yoyote.

Ama dawa za kutia katika tangi na vidude vya kufunga katika bomba la mafuta, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu, nayo ndogo. Fedha hizo afadhali zinunulie geji ya upepo.

5. MAGARI YA UMMA

Gari la Serikali halina mwenye kuumia mfukoni, na hapo ndipo mafuta hupotea bila ya sauti. Injini inayonguruma bure hutumia takriban lita 1 kwa saa, na zaidi ikiwa ni kubwa au kiyoyozi kinafanya kazi. Dereva anayemsubiri mkubwa wake nje ya mkutano kwa saa moja kila siku ya kazi, injini ikiwaka, huteketeza lita 22 kwa mwezi. Kwa gari la kilomita 11 kwa lita, hizo ni kilomita 242, karibu urefu wote wa kisiwa cha Unguja mara tatu, na gari halijasogea hata hatua moja.

Dereva peke yake asilaumiwe. Aghalabu huacha injini ikiwaka kwa sababu mkubwa anapenda kukuta gari limepoa. Mkubwa akisema "zima", litazimwa. Daftari la safari nalo liandikwe kwa ukweli, kilomita na lita pamoja, ili kila mwezi ijulikane gari lipi limeanza kula kupita kiasi chake. Watumishi wanaokwenda upande mmoja waunganishwe katika gari moja.

Fungu la mafuta ni moja. Lita iliyoungua nje ya ukumbi wa mkutano hairudi, na huenda ndiyo iliyopungua katika gari la wagonjwa usiku, wakati mzazi anasubiri kijijini kupelekwa hospitali. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kilichotoboka, hata kikijazwa kila siku, hakijai.

Kila mwenye gari, la kwake au la umma, aanze na jambo jepesi kuliko yote: safari ijayo ya kituo cha mafuta ajaze tangi, aandike kilomita, na aweke daftari.