Lugha Iliyounda Michezo

Wanachama wenzangu, nikitaja michezo ya video ya Kijapani hapa Suneka naambiwa Nintendo, basi! Mimi nasema kompyuta pia. Kiswahili chetu huandikika kwa kompyuta yoyote. Kijapani je? Kina maelfu ya herufi za kanji, zenye mistari tele. Ndiyo maana PC-9801, iliyotolewa na NEC mwaka 1982, ilipewa skrini ya nukta 640 kwa 400. Maandishi yakasomeka vizuri, ila picha zilikuwa nzito kusogeza. Kurukaruka kama Mario, wapi! Watungaji wengi wakapendelea hadithi, au kupanga vita kama katika Nobunaga no Yabō ya Koei. Mwaka 1990 IBM ikaleta DOS/V, programu iliyoonyesha kanji kwenye kompyuta za kawaida. Hapo NEC ikapata wapinzani, na baada ya Windows 95 watungaji wakazidi kuihama.