Dishi la Mzee Kule Kashikishi: Nani Atalipa Mwezi wa Tatu?



Kila msimu unapokwisha na watu wakapokea malipo yao ya mwisho, pale tawini kwetu huletwa swali ambalo halimo katika mkataba wowote wa kazi. Mwanachama huja na karatasi ya matangazo, yenye picha ya dishi na familia inayocheka, akauliza: "Katibu, nataka kumwekea mzee wangu televisheni kule Kashikishi. Nimnunulie dekoda gani?"

Wako viongozi wanaolicheka swali hilo na kusema ni anasa. Mimi siafikiani nao. Mtu aliyevuta nyavu katika Ziwa Mweru au kuchuma chai kwa miaka thelathini anastahili kukaa jioni akaona habari za nchi yake. Isitoshe, fedha hizo ni jasho la mfanyakazi, na jasho likimwagwa ovyo dukani ni hasara sawasawa na likiibwa kwenye mizani ya majani ya chai. Kwa hiyo nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu, maana nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno.

Kwanza tujue kinachouzwa. Televisheni ilianza nchini mwetu mwaka 1961 huko Kitwe, na kwa miaka mingi mtu alihitaji seti na antena ya bati tu juu ya paa. Kisha mataifa yalikubaliana huko Geneva mwaka 2006 kuhamia matangazo ya dijiti, na tarehe ya mwisho kwa nchi nyingi ikawekwa kuwa 17 Juni 2015. Nchi nyingine zilichelewa, lakini mwendo ni huo mmoja. Ndiyo sababu ile seti ya zamani yenye mgongo mnene haioni kitu bila king'amuzi, ambacho sisi huku tumezoea kukiita dekoda.

Dekoda ziko za namna tatu. Ya kwanza hutumia antena na hushika mawimbi kutoka mnara wa ardhini. GOtv ni ya namna hiyo. Ya pili hutumia dishi na hulipiwa kila mwezi, kama DStv. Ile kampuni ya TopStar, ambayo ZNBC iliiunda pamoja na StarTimes ya China, imeuza za antena na za dishi pia, basi usitazame jina tu, uliza ni ipi. Ya tatu ni ya dishi isiyolipiwa: ukishanunua na kufungiwa, huna deni na mtu. Lakini hiyo huonyesha yale tu yaliyoachwa wazi angani, na mengi ni mahubiri na habari za nchi za mbali kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Usiinunue kabla hujaiona ikifanya kazi nyumbani kwa jirani, na kabla hujahakikisha kwamba stesheni ya taifa imo.

Ya antena ni rahisi na fundi hahitajiki sana, ila mnara ukiwa mbali au kilima kikikaa katikati, umenunua sanduku la kuwekea kitambaa. Njia ya kujua haina gharama. Tembea katika mtaa wa mzee na utazame mapaa. Ukiona antena nyingi zimeelekea upande mmoja, ingia uulize kama picha inakaa. Ukiona madishi matupu, umejibiwa. Kwa mzee anayekaa kwenye kambi ya wavuvi au kisiwani, dishi ndilo la kutegemea, kwa sababu setilaiti haijali umbali wa barabara.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Muuzaji hutangaza bei ya dekoda na dishi, tena mara nyingi huipunguza au husema kufunga ni bure. Hafanyi hivyo kwa huruma. Biashara yake iko kwenye malipo ya kila mwezi. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kuzidisha kwa kumi na mbili nakujua. Tuseme kifurushi ni kwacha 200 kwa mwezi; hizo ni 2,400 kwa mwaka. Tuseme kidogo ni kwacha 80. Hizo ni 960. Weka hesabu hizo mbili kando ya karatasi yako ya mshahara, siyo kando ya malipo ya mwisho wa msimu, kwa sababu malipo hayo yatakwisha Januari na dekoda itataka tena Februari.

Namjua mzee mmoja wa Kashikishi, mstaafu, ambaye wanawe watatu walimfungia kifurushi kikubwa kuliko vyote vya muuzaji. Siku ya kufunga walipika, majirani wakajaa. Mwezi wa kwanza alilipa kaka mkubwa, wa pili akalipa wa kati. Mwezi wa tatu kila mmoja alidhani mwenzake amelipa. Kioo kikawa cheusi. Mzee hakuwapigia simu wanawe, kwani aliona aibu kuomba fedha za kutazama picha, na aliona aibu kubwa zaidi majirani waje jioni wakute giza. Akauza wavu wake mmoja, akalipa mwenyewe. Mwezi wa nne akauza wa pili. Wanawe walikuja kujua walipofika Pasaka wakakuta ukuta wa kuanikia nyavu ni mtupu. Hao ni watoto wema, tena wanampenda baba yao. Walichokosa ni kikao cha nusu saa cha kuandika nani analipa lini.

Na kwa mwambao wetu kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa Lusaka halijui. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa sheria ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu fedha za Kashikishi hukauka: muuza samaki, mshona nyavu, mwenye mtumbwi, wote husubiri Machi. Ikiwa mpango wenu ni kwamba mzee atachangia kidogo kutokana na samaki, jueni kwamba miezi hiyo hana kitu. Kampuni nyingine hukubali kulipwa miezi kadhaa kwa pamoja, na wakati mwingine hupunguza bei kwa anayelipa hivyo. Mwenye malipo ya msimu mkononi mwezi Novemba afikirie kulipa hadi Machi mara moja kuliko kununua kioo kikubwa zaidi.

Ulizeni pia swali hili dukani, na msiondoke bila jibu: "Nisipolipa, kinabaki nini?" Dekoda nyingine hubakiza stesheni ya taifa hata malipo yakikatika; nyingine hufunga zote. Kwa mzee, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya chaneli 50 na 100.

Kifurushi gani basi? Hapa nitasema ninavyoona mimi. Kifurushi kikubwa husemwa ni cha mzee, lakini ukichunguza ni cha vijana wa nyumba ile. Kinachopandisha bei ni mpira wa Uingereza na Hispania. Mzee huuona mpira, ndiyo, na mechi ya timu ya taifa hakuna asiyeitaka. Wazee wetu wanasimulia hadi leo ile penalti ya mwisho ya Libreville, Februari 2012, tulipolichukua Kombe la Afrika mbele ya Ivory Coast. Lakini kila Jumamosi mechi nne za Manchester na Liverpool? Hizo ni za wajukuu.

Sisi tulipotaka kumwekea mama yetu mkubwa, dada yake mama, anayekaa karibu na soko la Kashikishi, tulimwuliza yeye kwanza, akiwa peke yake, wajukuu wametumwa maji. Akataja vitatu. Habari kwa Kibemba. Misa ya Jumapili siku ambazo magoti hayamruhusu kutembea. Na kitu chochote cha Kiswahili, maana alizaliwa ng'ambo, Kilwa ya Kongo, akavuka na mumewe angali msichana, na Kiswahili ndiyo lugha aliyobembelezewa. Wengi mnaosoma ukurasa huu mna mama kama huyo, na sokoni Kashikishi utakisikia Kiswahili chake kila siku, kwa wachuuzi wanaovuka ziwa na kwa ndugu waliofika makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu 2018.

Tulishika vitu hivyo vitatu, tukaenda navyo kwa muuzaji, tukamwambia atuonyeshe kifurushi kidogo kabisa chenye hivyo. Alituzungusha sana, akitusifia filamu. Hatimaye alikubali kwamba cha chini kinatosha: stesheni ya ZNBC imo, dini imo, na michezo ya kuigiza iliyotiwa sauti za Kiswahili imo. Michezo hiyo si kitu kipya. Tangu mwaka 2011, TBC ya Tanzania ilipoonyesha ule mchezo wa Kichina wa Doudou na wakwe zake kwa Kiswahili, watu wamezoea kumsikia Mchina akigombana na mama mkwe kama mtu wa Temeke. Mama mkubwa hucheka mpaka anafuta macho. Wajukuu waliponung'unika tukawaambia anayetaka mpira wa Uingereza na alipe tofauti yake kila mwezi. Mpaka leo hajajitokeza mtu.

Kuhusu Kongo, niseme neno la tahadhari. Huvushwa ziwani dekoda za bei nafuu kutoka upande wa pili, nyingi za Canal+. Picha yaweza kuonekana, kwa sababu setilaiti haina afisa wa mpaka. Lakini dekoda iliyosajiliwa Kongo hulipiwa Kongo, kwa wakala wa huko, na mengi humo ni Kifaransa. Ikiharibika humpati wa kumdai. Mmesikia labda kwamba Canal+ iliinunua MultiChoice, wenye DStv na GOtv, mwezi Septemba 2025. Ni kweli, lakini tajiri kuwa mmoja hakufanyi kadi ya Kongo ilipiwe Nchelenge. Nunua yenye wakala ambaye mzee anaweza kumfikia kwa miguu au kwa baiskeli.

Kabla ya kununua dekoda, geuza televisheni ya mzee utazame mgongoni. Seti za zamani zina matundu matatu ya rangi: nyekundu, nyeupe na njano. Dekoda nyingine za siku hizi hutoa picha kwa tundu la HDMI tu, na hapo seti hiyo ya zamani haitaipokea moja kwa moja. Chukua picha ya mgongo huo kwa simu, mwonyeshe muuzaji.

Halafu umeme. Ukame wa 2024, uliotangazwa kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari mwaka ule, ulitufundisha kwamba nchi inayotegemea maji kwa umeme hukaa gizani maji yakipungua Kariba. Mwenye uwezo amtafutie mzee sola ndogo. Televisheni bapa ndogo hula kama wati 30, dekoda kama 15, jumla 45. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, ina wati-saa 600. Hata ukiondoa zinazopotea njiani, mzee anapata saa kumi hivi. Seti ya mgongo mnene hula wati 80 au zaidi, kwa hiyo saa hizo hupungua karibu nusu.

Fundi naye asimamiwe. Setilaiti hizi ziko juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, nasi Kashikishi tuko kusini ya ikweta kwa digrii tisa na kidogo. Basi dishi litaangalia juu, upande wa kaskazini, likiegemea mashariki au magharibi kadiri setilaiti ilivyokaa. Mwembe ukiwa upande huo, majani yake yatakula picha, na mwembe hukua. Nguzo ichimbiwe na kutiwa saruji, kwa maana upepo wa ziwa hauna mzaha. Na mzee aambiwe mapema kwamba mvua kubwa ya masika ikishuka picha hukatika, kisha hurudi yenyewe. Asimwite fundi wa kumtoza fedha kwa ajili ya wingu.

Rimoti mbili humchanganya mtu mzima. Acheni seti kwenye mkondo wa dekoda, fichieni rimoti ya seti kabatini, na kwenye ile ya dekoda bandikeni plasta juu ya vitufe vyote isipokuwa kuwasha, sauti na kubadili chaneli. Mama mkubwa alijifunza kwa siku moja.

Msichukue televisheni kwa kaloba, wala msitie sahihi karatasi ya makato ya mshahara ya duka bila kuileta tawini tuisome pamoja. Nimeona seti iliyokwisha kuungua huku makato yakiendelea miezi saba.

Kulipia si lazima usafiri. Aliye kwenye shamba la chai la Kawambwa aweza kulipa kwa simu jioni hiyo hiyo, mradi ana namba ya kadi ya dekoda, na mzee ameiwasha wakati malipo yanaingia. Namba hiyo iandikwe kwa wino mahali pawili: kwenye simu ya kila mtoto anayelipa, pamoja na mwezi wake, na ukutani nyuma ya seti. Risiti na karatasi ya dhamana ziwekwe kwenye bahasha, na bahasha ikae kwa mzee mwenyewe, siyo kwenye nyumba zetu za kambini, kwa sababu siku dekoda itakapokufa, wakala wa Kashikishi ataiomba kwake.